Kastabini ya Baruti

Nikiandika "salama" na gobore likampasukia mzee usoni, nitakuwa nimemuua mimi. Nikiandika "hatari" litachukuliwa, na nguruwe mwitu watamaliza mahindi ya kijiji kizima. Neno moja tu, nalo lilininyima usingizi siku tatu. Nilikuwa bwana shamba mpya, nimetoka chuoni juzijuzi, katika kijiji cha ujamaa upande wa Njinjo, na wilaya ilitaka nieleze hali ya bunduki pekee tuliyokuwa nayo.

Siku ya nne, asubuhi, nikaenda kwa mzee mwenye gobore. Baada ya shikamoo nikamwomba anionyeshe anavyolishindilia baruti. Akamnyooshea kidole mkewe, aliyekuwa mkekani akishona kofia.

"Mimi kazi yangu kulenga," akasema. "Hayo mengine muulize yeye."

Mama akavua kastabini kidoleni, akachotea baruti. Akapitisha sindano juu ya ukingo, iliyozidi ikadondoka. Akaitazama baruti, akaona imebonyea upande mmoja, akaimwaga yote na kuchota upya. Risasi alikuwa ameziyeyusha mwenyewe kutoka kwenye vizito vya nyavu kuukuu. Akaziviringisha moja moja kwenye sinia. Iliyoyumba ilirudi chunguni. Kati ya nane zilibaki tatu.

Nikajitia ujuzi. Nikamshauri aongeze baruti kidogo, risasi iende kwa nguvu na kunyooka. Hakuinua macho.

"Bwana shamba, na mbolea ndivyo unavyowapimia watu?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akakiri kwamba zamani alikuwa akipima kwa kiganja, leo nyingi ya kupasua mtutu, kesho haba, na nguruwe walikuwa wakisimama kumtazama. Mkewe alichoka kuaibika, akamnyang'anya kazi. Tangu hapo kila mlio unafanana na uliotangulia, naye anajua risasi itaangukia wapi.

Tukaenda nyuma ya nyumba, ambako palikuwa na gogo lililopakwa chokaa. Mzee akapiga mara tatu. Kila baada ya mlio mama alifuta mtutu kwa kitambaa, akakikagua kitambaa kile pande zote mbili, ndipo akapima tena, bila haraka, kama vile hakuna aliyekuwa akimsubiri.

Matundu matatu niliyafunika kwa kiganja kimoja. Nilisimama pale mkono ukiwa juu ya gogo, nikakumbuka mizani ya chuoni iliyofungiwa kwenye kabati la kioo, tusiyoruhusiwa hata kuiegemea. Sikuwahi kuona mtu akiiheshimu punje kama mama yule.

Nikatoa fomu mfukoni, nikaandika "salama." Palikuwa na nafasi ya jina la mwenye bunduki tu. Chini yake nikaongeza mstari: ishindiliwe na mkewe, si mtu mwingine. Nikatia sahihi, nikaenda moja kwa moja kwa katibu wa kijiji na kumkabidhi, kabla sijaanza kufikiri tena.