Vivuli vya Nukta

Mimi si mwoga. Nimefundisha watoto wadogo wasioona kusoma breli, maandishi ya nukta zinazopapaswa kwa vidole, hapa Kampala miaka mingi. Nimeng'atwa, nimetukanwa kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na bado nikala chakula changu vizuri. Lakini yule binti wa miaka saba aliniondolea usingizi.

Mama yake, Mkenya anayeuza mitumba katika soko la Nakawa, alinivuta kando siku ya kwanza. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mwanga mdogo uliobaki kwenye macho ya mtoto utaisha, na haijulikani ni lini.

"Mwalimu, tafadhali, usimwambie," alisema. "Bado ni mtoto mdogo."

Nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali.

Mtoto akawa hodari kuliko wenzake wote. Kwa wiki chache tu alikuwa anasoma maneno mazima, nami nikavimba kichwa, nikamsifu mbele ya walimu. Kisha siku moja wingu zito likafunga, darasa likawa giza, na hodari wangu akashindwa kusoma hata neno moja. Hapo ndipo nilipogundua. Vidole vilikuwa vinatembea kwenye mistari ili kunidanganya tu. Alikuwa anainama karibu na dirisha, anasoma vivuli vya nukta kwa macho.

Niliogopa sana. Macho yanakwisha, na vidole havijui chochote!

Tangu hapo nikawa naifunika mikono yake kwa leso, karatasi ikiwa chini, ili vidole visome vyenyewe. Alilia, akawa anauvuta mkono. Aliniita mwalimu mbaya. Nikigeuka tu kumsaidia mwenzake, leso iko sakafuni na yeye yuko dirishani. Nilimgombeza kuliko ilivyostahili, kwa sababu hofu ilikuwa imenijaa na sikuwa na wa kumwambia. Neno moja kwa vidole lilimchukua asubuhi nzima.

Siku moja ya jua kali alinitangulia darasani. Nilimkuta dirishani, pua karibu iguse karatasi niliyomwandalia jana yake.

"Mwalimu," alisema, "leo umenipa karatasi tupu."

Karatasi ilikuwa imejaa nukta, juu mpaka chini.

"Weka vidole," nikamwambia.

Akaweka. Kidole kikaenda, kikasimama, kikaenda tena. Akainua uso, akauelekeza kwenye jua, kisha akaurudisha.

"Kumbe ziko."

"Ziko."

Akazipapasa nukta zile mara ya pili.

"Mama anajua?" aliuliza.

Nilitamani kusema uongo, nikashindwa. Nikamwambia ndiyo, mama anajua. Kisha nikakishika kidole chake cha shahada, nikakirudisha mwanzo wa mstari, na safari hii hakuuvuta mkono.