Wanataka Nisaini Kwamba Mtani Wangu Ni Mbaguzi

Admin, naomba ufiche jina langu na la kampuni, maana hapa kazini wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, kwetu Songea, niliishia darasa la sita. Mke na watoto watatu nimewaacha huko. Huu ni msimu wangu wa nne kubeba magunia kwenye ghala la korosho la wazungu hapa Nachingwea. Mgongo umechoka, lakini kilichonileta kwenu si mgongo.

Mimi ni Mngoni. Kiongozi wa kundi letu la wabebaji ni Mmwera wa Nkowe, kule Ruangwa. Nitamwita Saidi, si jina lake. Sisi na Wamwera ni watani tangu enzi za mababu waliopigana vita. Mama yake alipofariki nilikwenda Nkowe kwa bodaboda, nikashika jembe la kuchimbia kaburi nikakataa kulitoa. Nikawaambia, "Huyu bibi ni mke wangu, hazikwi mpaka mnipe kuku." Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Saidi mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Kwetu huko ndiko kumfariji mtu.

Sasa hapa ghalani kila jioni getini tunakaguliwa sisi weusi tu. Vua viatu, geuza mifuko, kina mama wanafunguliwa vilemba mbele ya wanaume. Wazungu wanapita na magari yao, mlinzi anapiga saluti. Saidi ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema, "Bosi, kama shida ni korosho, gari linabeba nyingi kuliko soksi yangu. Tukaguliwe wote au asikaguliwe mtu." Tukapiga makofi. Meneja akasema atalifanyia kazi. Mpaka leo tunavua viatu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunapakia lori. Nilichelewa kunyanyua, Saidi akapaza sauti, "We Mngoni, mtumwa wangu, nyanyua! Nimekununua uje kukumbatia magunia?" Nikamjibu, "Babu yako tulimteka, tukaona anakula sana, tukamrudisha kwao." Watu wakavunjika mbavu. Meneja alikuwa amesimama karibu na dada wa ofisini anayemtafsiria, akauliza tunacheka nini. Dada akamwambia. Kiingereza changu kidogo, ila neno mtumwa kwa Kiingereza nalijua na nililisikia. Habari ya babu haikutafsiriwa, maana uso wa meneja ulikunjika palepale.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Kwa mara ya kwanza nikapewa kiti. Meneja akaniwekea mkono begani, macho yamekuwa mekundu. Dada akatafsiri, "Anakupa pole sana. Anasema hapa hataki mtu aitwe mtumwa, wala adharauliwe kwa kabila au rangi yake. Anasema kwao watu wameumizana sana kwa mambo haya."

Nikasema, "Dada, mwambie ni utani. Wewe si unaujua utani?"

Yule dada ni Msukuma, na Wasukuma wana watani kila kona. Akaangalia kompyuta. "Kaka yangu, zama zimebadilika. Leo mtumwa, kesho atakuita nini?" Akanisogezea karatasi iliyoandikwa kwamba Saidi amekuwa akinidhalilisha kwa kabila langu mara kwa mara. Chini pana nafasi ya sahihi. Kisha akasema taratibu, "Na kundi litahitaji kiongozi mpya. Umefikiriwa wewe."

Nikaomba muda wa kufikiri, nikaondoka na karatasi. Saidi akasimamishwa siku hiyohiyo, na habari ya karatasi ikamfikia.

Yule mzungu huruma yake niliiona, na sidhani kama aliigiza. Lakini mbona huruma hiyo haifiki getini? Mama mtu mzima kufunguliwa kilemba si dharau, ila mimi kutaniwa na mtani wangu ndiyo ubaguzi? Saidi ananiita hivyo msimu wa nne huu. Mbona wameusikia ubaguzi wake baada ya yeye kusema habari za ukaguzi? Na dada yule alichagua kutafsiri nusu, kwa nini?

Nimefika mahali namshuku kila mtu, na mimi mwenyewe nimo. Siwafichi, nilipotajiwa cheo moyo uliruka kidogo. Halafu nikawaza, mwanangu akiitwa mtumwa na mtu asiye mtani, nitacheka? Sitacheka. Kwa hiyo labda mzungu ana haki nusu, na hiyo nusu ndiyo inayonitisha, maana ndiyo wanayoitumia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Nkowe. Nilimkuta Saidi anafyeka chini ya mikorosho. Nikamwanza, "We mateka, nitolee kiti!" Hakucheka. Akasema, "Karibu ndugu yangu. Habari za kazi?" Akanipa kiti kwa adabu, kama vile mimi ni afisa wa wilaya. Bora angenitukana.

Nikamwambia, "Sijasaini."

"Sawa."

Mkewe alikuwa anapeta mahindi pembeni. Bila kuinua kichwa akasema, "Hajasaini, lakini hajakataa vilevile. Muulize shemeji yetu, karatasi iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilipagusa bila kutaka, na Saidi akaniona.

Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa kuirudisha. Nisiposaini, dada amesema mkataba wangu utaangaliwa upya, na Songea hawana mwingine wa kumtegemea. Nikisaini, Saidi harudi, na sijui nani tena atathubutu kusema kuhusu lile geti. Wamwera na Wangoni mliomo humu, na nyie mliosoma kuliko mimi, mzungu anaweza kuelezwa utani akaelewa, au ameshaelewa na hataki? Nijibuni kabla ya Jumatatu. Nifanyeje?