Kinyozi wa Dirisha la Tiketi

Shangazi hakuwahi kukosa la kumwambia Mungu. Aliomba akichota maji, akichambua mchele, akitafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Lakini tangu muuza mbao, mwenyekiti wa kamati ya reli, apite nyumbani kumwambia kwamba Jumamosi yeye ndiye atakayefungua mkutano kwa sala, ulimi ulikuwa umemkauka.

"Wewe ndiye dada wa marehemu," muuza mbao alimwambia, kofia mkononi. "Mkubwa wa reli anakuja mwenyewe kutusikiliza. Omba tu reli ifunguliwe, basi. Sala fupi. Mengine tutasema sisi."

Omba tu. Laiti angejua.

Marehemu alikuwa mdogo wake wa mwisho, kinyozi, na mji mzima ulimwita Stesheni. Treni ya kwenda mji wa pili ilipoacha kuja, majengo ya reli yaliachiwa popo, naye akaomba apangishwe chumba cha tiketi. Akaweka kiti cha kuzunguka, benchi na kioo. Wateja waliinama nje ya dirisha, kwenye nondo, kuuliza kama foleni ni ndefu, utadhani wanakwenda safari.

Haukupita muda akaanza habari zake za kuirudisha treni. Wengine hubeba mabango, wengine hupiga kelele sokoni. Yeye alikuwa na kiti. Mteja akishafungwa shuka shingoni, Stesheni alimnyoa upande wa kulia ukawa safi kabisa, kisha akazima mashine.

"Sasa ndugu yangu," angesema, akipuliza nywele kwenye meno ya mashine, "hii reli wewe unaionaje?"

Nani atatoka barabarani na nusu ya kichwa? Watu walikubali. Waliahidi kuja siku za mapumziko kufyeka majani yaliyofunika mataruma ya reli, na kwa kuwa nywele huota tena na kinyozi ni yuleyule, walikuja kweli. Muuza mbao mwenyewe alipatikana kwa njia hiyo. "Nilikamatwa na povu shingoni," hupenda kusimulia, "wembe uko hapa. Ningebisha kwa nguvu gani?"

Shangazi aliwapelekea wafyekaji chai, na jioni aliiombea reli bila kuuliza maswali, kwa sababu mdogo wake aliitaka. Kisha asubuhi moja presha ikamwangusha Stesheni, fagio mkononi, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki. Huu ulikuwa mwezi wa pili tangu wamzike. Binti yake, aliyejifunza kunyoa kwa kumtazama, alijipangusa machozi, akafungua chumba, akawasha mashine. Nyumba haikuwa na riziki nyingine.

Na ni huyo binti aliyemvuruga Shangazi, mara tu muuza mbao alipoondoka.

"Shangazi, unajua kwamba reli ikifunguliwa sisi tunatoka?"

"Tunatoka kwenda wapi?"

"Tunatolewa. Kile ni chumba cha tiketi. Treni ikija watauzia wapi tiketi, kwenye kiti cha kunyolea?"

Shangazi akaweka sufuria chini. "Nani kasema?"

"Ofisa aliyekuja kukagua mwaka jana. Alimwambia baba mbele yangu, mimi nafagia nywele. Baba akasema, 'Najua.' Akaendelea kunyoa."

"Hakusema mtahamia wapi?"

"Baba? Alimgeukia mteja mwingine tu, akasema, 'Anayefuata akae.'"

Siku zilizobaki Shangazi alizipitisha kama mtu aliyeamshwa ghafla. Aliweka chumvi kwenye chai. Alikwenda dukani, akasimama mbele ya muuzaji, akarudi bila kununua kitu.

Ijumaa alikwenda stesheni kumsaidia binti kusafisha chumba. Akamkuta na nyundo na picha ya baba yake kwenye fremu, anapapasa kuta.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Msumari wa zamani. Hakuna hata mmoja."

Shangazi akatazama. Kioo kilining'inia kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Taulo zilikuwa mgongoni mwa kiti, redio sakafuni. Miaka yote hiyo mdogo wake hakupigilia msumari, na yeye dada mtu alikuwa akimcheka kwamba ni ubahili.

"Alinikataza," binti alisema. "Alisema ukuta si wetu."

Basi alijua tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo kichwa cha Shangazi kilipozidi kuchanganyikiwa. Mtu gani anapigania kitu kitakachomnyang'anya mtoto wake riziki? Alikuwa na mpango, akazikwa nao? Au hakuwa na mpango wowote, alimwachia Mungu, na Mungu kamwachia Shangazi? Akiomba treni ije, anamtoa mtoto kazini. Akiomba isije, anamsaliti marehemu mbele ya umati. Picha wakaiegemeza kwenye benchi. Nyundo ikarudi nyumbani bila kazi.

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye reli. Mkubwa wa reli alikuwa mtu wa makamo, mpole, nywele zimemfunika masikio. Shangazi alisimama karibu na dirisha la tiketi, akafumba macho, hakuona neno. Akayafumbua, akaona ile kamba ya kioo.

"Ee Mungu," alisema, "mdogo wangu alikuwa anakuomba kitu hapa, na mimi nilikuwa naitikia amina bila kusikiliza. Wewe ulimsikia. Mimi sielewi. Sielewi hata kidogo. Mfanyie alivyokuomba, ila umfanyie yote, usimfanyie nusu. Amina."

Watu wakaitikia. Muuza mbao akamwinamia sikioni. "Shangazi, reli hukuitaja."

"Mungu anajua tuko stesheni."

Hotuba zikafuata, ndefu. Zilipokwisha, mkubwa wa reli aliomba aonyeshwe kile kiti ambacho habari zake zilikuwa zimemfikia mpaka ofisini. Akakikalia kwa mzaha, akajishika kichwa, akasema hata hivyo amechelewa kunyoa. Binti akamfunga shuka. Akamnyoa upande wa kulia, taratibu, ukang'aa. Kisha akazima mashine.

"Sasa mzee," alisema, akipuliza nywele kwenye meno ya mashine, "reli ikifunguliwa, mimi nitanyolea wapi?"

Nje ya dirisha mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mkubwa wa reli akajitazama kiooni, upande huu, upande ule.

"Malizia kwanza, binti yangu. Tutazungumza."

"Baba alikuwa anazungumza kwanza."

"Kuna ile stoo ya mizigo," alisema polepole. "Lakini mambo haya si yangu peke yangu."

"Sina haraka, mzee."

Shangazi aliyaona yote kupitia nondo. Alitaka kumkemea mtoto kwa utovu wa adabu. Alitaka kucheka. Alitaka mdogo wake awepo, amuulize kama hiki ndicho alichokuwa akikiomba au ni kingine kabisa. Hakujua lipi litangulie. Mashine ilikuwa bado imezimwa. Akashika nondo kwa mikono miwili, akasema amina tena, ingawa hakuna aliyekuwa anaomba.