Sabuni ya Bi Chembe

Bi Chembe hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wauguzi wa wodi ya watoto wachanga, kwa sababu aliona chembe ya vumbi ambayo wenzake wangeitafuta kwa miwani. Kwa miaka kumi na tisa alisafisha wodi ile kwa ufagio, tambara na mdomo, na mdomo ndio uliofanya kazi kubwa. Hata daktari akiingia na viatu vya nje alirudishwa mlangoni, naye akarudi.

Kwa hiyo watoto watatu waliposhikwa na homa ndani ya wiki moja, aliumia kama mtu aliyetukanwa. Daktari alisema bakteria wameingia kwenye damu. Wawili walipata nafuu kwa dawa. Wa tatu, mvulana wa siku tisa, alifariki. Mama yake, binti mdogo wa uzazi wa kwanza, aliondoka akimwambia kila mtu kwamba kamuua mwanawe kwa mikono yake. Siku ya kwanza alimshika kabla ya kunawa, na Bi Chembe alimfokea mbele za watu. Jioni hiyo Bi Chembe alimwambia mumewe kwamba alikuwa na haki ya kumfokea, lakini chakula alikirudisha jikoni.

Kesho yake alikuja bwana wa maabara, mtu wa kitambi na subira nyingi, na vijiti vyake vya pamba. Alipangusa mizani, mabomba, chupa, vitanda na mikono ya wauguzi. Alipangusa hata mikono ya Bi Chembe, ambaye alinuna mpaka saa ya kutoka. Kila kijiti alikipaka kwenye kisahani chenye utando kama jeli, ambao ndio chakula cha bakteria, akaviweka visahani vyote kwenye joto.

Baada ya siku mbili alimwita Bi Chembe maabara, maana alikuwa amemsikia akilalama kwamba uchafu usioonekana ni uzushi wa wasomi. Alimwambia aweke jicho kwenye hadubini. Bi Chembe aliona vitu vidogo vidogo kama vijiti, vingi hata havihesabiki.

Bwana wa maabara alimweleza polepole. Kila kimoja ni bakteria, kiumbe hai kamili. Kikipata chakula, maji na joto hujigawa viwili, na vile viwili vinne, pengine kila baada ya dakika ishirini. Bakteria wengi hawana neno nasi. Wako kwenye ngozi, wako tumboni wakisaidia kusaga chakula, na ndio wanaogandisha maziwa. Wenye madhara ni wachache, ila hata asiyemsumbua mtu mzima anaweza kumlemea mtoto wa siku tisa.

Bi Chembe aliuliza hawa wa kwenye hadubini wametoka wapi. Alitarajia kusikia ni chooni.

"Kwenye chupa ya sabuni ya kunawia, mama."

Alicheka. Sabuni tena? Bwana wa maabara hakucheka. Sabuni ya maji, alisema, hutoka kiwandani na dawa ya kuizuia isioze. Ukiitia maji, dawa inapungua nguvu. Ukijazia juu ya masalio bila kuosha chupa, waliobaki chini wanaendelea kuzaana. Walioota kutoka kwenye chupa ndio hao hao waliokutwa kwenye damu ya watoto watatu.

Wauguzi walishakubaliana kwamba kiwanda kimeuza sabuni mbovu, na muuguzi mkuu alikuwa ofisini akiandika barua ya malalamiko. Kunyamaza kungekuwa rahisi mno. Bi Chembe ndiye aliyekuwa akiongeza maji kwenye chupa, asubuhi na mapema kabla wauguzi wa mchana hawajafika, nusu kikombe tu, ili sabuni ifike mwisho wa mwezi. Na alisifiwa miaka yote hiyo kwamba sabuni mikononi mwake haiishi.

Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Sista, usiandike. Maji naongeza mimi."

Hakufukuzwa. Chupa zote zilitupwa, zikaletwa ndogo za kutumia na kutupa. Muuguzi mkuu alisema hakuna aliyewahi kumfundisha, kosa ni la wodi nzima. Bi Chembe alisikia yote hayo na hayakumpoza hata kidogo.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa yule binti. Alimkuta mlangoni, kifua cha gauni kimelowa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Binti alidhani amekuja kumpa pole, akamkaribisha ndani. Bi Chembe alibaki amesimama.

"Siku ile nilikufokea, ukaenda kunawa. Sabuni uliyonawia ndiyo iliyokuwa na bakteria, na mimi ndiye niliyeichanganya na maji. Sikujua. Lakini si wewe, mwanangu. Hukumuua."

Binti alishika fremu ya mlango. Bi Chembe akajiandaa kutukanwa, hata kupigwa.

"Mume wangu yumo ndani," binti alisema. "Na mama mkwe. Ingia uyaseme tena, wasikie."

Bi Chembe alivua viatu, akaingia, akayasema tena.