Mayu Alivyoitafuna Pesa ya Pamba

Biashara ya pamba ilipoachiwa huria, wanunuzi binafsi walikuja Kasoli na malori yao, wakigombea pamba yetu na kulipa taslimu pale pale mizanini. Watu wa kwetu wakapagawa. Tulikuwa tumezoea stakabadhi na subira, sasa noti zilikuwa mkononi kabla jasho halijakauka. Baiskeli, redio kaseti, bia, mke wa pili: kila mtu na ugonjwa wake. Ilipofika Krismasi, waliotamba na suti msimu wa pamba walikuwa wanaomba chumvi kwa jirani.

Mayu, mama yangu, alikuwa mjane wa mwaka ule. Ng'ombe wetu wa kulimia walikuwa wameishia kwenye matibabu ya baba, na nyumbani tulibaki yeye na sisi mabinti wawili. Baba mdogo alikwisha kusema wazi mbele ya ukoo: mvua zikija na shamba la marehemu likabaki pori, atalichukua yeye. Nilimchukia kwa hilo, sifichi.

Pesa yote ya pamba Mayu alinunulia dume la ng'ombe na mchele. Baba mdogo akafurahi kweli, maana kwetu ng'ombe ndiye benki.

"Shemeji, hapo umeweka akiba," akamsifu.

Akiba! Mvua za kwanza ziliponyesha, Mayu aliwaita vijana wa bugobogobo, wale wanaolima kwa ngoma, majembe yakishuka kwa mdundo mmoja. Hao hawaitwi kwa ahadi, wanakwenda panaponukia nyama. Basi akalichinja lile dume.

Habari zilimfikia baba mdogo kabla mchuzi haujaiva. Akaja anahema, maksai na plau nyuma yake, tayari kuanza kulima shamba lake jipya.

"Mmeitafuna pesa ya kaka yangu!" akafoka. "Haya, shamba mtalilima na nini? Na mifupa?"

Mayu alimwonyesha tu kwa mkono. Ngoma zilikuwa zimeanza tangu alfajiri. Kutoka barabarani hadi kwenye mkondo wa mto matuta yalikuwa yamesimama, meusi, mabichi, na vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka huku wakimwimba baba yangu kana kwamba yupo. Nilikuwa nimejitwika sufuria ya wali. Nililia na kucheka kwa pamoja, wala sikuona aibu.

Mayu akachukua maji, akamnawisha baba mdogo mikono kwa heshima zote, akamwekea sahani iliyojaa.

"Kula, shemeji. Maksai wafungue wapumzike, hapa kazi imekwisha."

Angefanyaje? Alikula mpaka mfupa wa mwisho, akanawa, akaswaga maksai wake kurudi kwake. Shamba lile tunalilima sisi hadi leo.