Vidato Saba vya Theopista

Mwaka ule wa hamsini na tano, mgodi wa Mpanda ukaletewa Mzungu wa kupima mioyo. Wa kupima mawe walikuwepo tele. Huyu alikuwa msomi wa saikolojia, na kazi yake ilikuwa kujua kabila gani linachukia lipi, na kwa kiasi gani, ili nyumba mpya za kambi zikijengwa watu wasije wakachinjana. Wachimbaji wakambatiza Bwana Mizani.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Theopista, Mnyamwezi, mke wa mchimbaji Venansi. Maskini, hakuwa na neno na mtu. Mwaka uliotangulia alimzika mtoto wake wa pekee, na tangu hapo ni mtu mmoja tu aliyeweza kumchekesha: jirani yake Anselmo, Mngoni wa Songea. Mngoni na Mnyamwezi ni watani, na siku ya mazishi Anselmo alijilaza kaburini akaapa hatoki mpaka apewe kuku. Theopista, machozi yakimtiririka, akacheka. Baada ya hapo Anselmo akawa anapita kila asubuhi kumtukana mlangoni, naye anatoka kumjibu. Bila matusi yale asingeamka kitandani.

Basi Bwana Mizani alikuwa na ngazi yake ya vidato saba. Cha juu kabisa ni cha mtu unayemtaka kama ndugu. Cha chini kabisa, usiyetaka hata akanyage nchi yako. Karani Kasimu akawa mkalimani. Nje ya dirisha, Anselmo alikaa akisubiri zamu yake, masikio kayatega.

"Ungekubali Mngoni awe jirani yako?"

Theopista akachungulia dirishani. Aseme ndiyo, mtani anasikia? Aibu hiyo angeipeleka wapi?

"Mngoni? Hata mbinguni nitaomba tutengwe kwa ukuta!"

"Ale nyumbani kwako?"

"Sahani nitaivunja."

"Amuoe mdogo wako?"

"Heri fisi! Fisi angalau kukikucha anaondoka."

Huko nje Anselmo alikuwa hoi kwa kicheko. "Nyamaza, we mchukuzi! Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikazama kifuani!"

Kasimu naye mbavu hana. "Bwana, hawa ni watani, yaani..."

"Tafsiri, usinieleze," akasema Bwana Mizani, uso umempauka. Chuki alikuwa ameisomea miaka mingi, lakini ya namna hii hakuwahi kuiona.

Nyumba zilipokwisha, Wanyamwezi wakapewa upande huu wa reli, Wangoni ng'ambo, na askari wakaamriwa asivuke mtu, isije damu ikamwagika. Theopista akapata ukuta wa matofali, paa la bati, na majirani wapya waliokuwa wema kupita kiasi. Walimpa pole kwa sauti ya chini, wakamkumbusha kwamba ni mapenzi ya Mungu. Akaanza kushinda ndani. Venansi akirudi kazini anakuta jiko limepoa na mkewe amegeukia ukutani.

Miezi ikapita, Bwana Mizani akarudi na ngazi yake. Safari hii Theopista aliapa kuacha mchezo.

"Mngoni awe jirani yako?"

"Namuomba, Bwana. Mlango kwa mlango. Ale kwangu, aoe kwetu, nikifa anizike yeye. Nirudishieni Anselmo wangu jamani, nakufa huku!" Akalia mbele ya wanaume wale bila kujali.

Kasimu akatafsiri neno kwa neno. Bwana Mizani akainuka, akaushika mkono wa Theopista kwa mikono yake miwili, na yeye macho yamemlengalenga. Kutoka kidato cha chini kabisa mpaka cha juu kabisa! Dawa ya kuwatenga imefanya kazi.

"Mwambie nimefurahi mno," akamwambia Kasimu. "Tutaendelea hivi hivi. Na Wafipa nao tutawatenga."

Kasimu akamtazama mama wa watu. Theopista alikuwa ameshauona uso wa Mzungu unavyong'aa kwa furaha. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasimama.

"Amekubali, eeh? Muulize, nihame leo leo, au nisubiri kesho?"