Wifi Aliyemsimamisha Baba Katikati ya Kanisa

Admin, jina langu liweke kapuni. Wanaonifahamu wakinitambua kwa haya ninayoyasema, potelea mbali, nimechoka kukaa nayo moyoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa miezi minne iliyopita, naishi na mume wangu hapa Utemini, Singida mjini. Ndoa haina tatizo. Tatizo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na simu yake.

Baba yangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Alikuwa fundi uashi pale kwetu Kilimatinde, mtu wa kupanda ngazi na kubeba tofali, halafu ghafla akawa wa kukaa barazani kutwa bila kuongea na mtu. Nilipomwambia nimepata mchumba, alisema, "Nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka mbele. Na siendi na magongo." Akapata mguu wa bandia, akaanza mazoezi. Mama alienda kanisani kuhesabu hatua fupi fupi kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, akarudi na jibu: thelathini na nne. Baba akazipima uani, kutoka jikoni mpaka banda la kuku. Kila asubuhi anaenda, anarudi. Alikuwa anaanguka, mama anamwinua, anatukana kwa Kigogo, anaanza tena. Akiuvua ule mguu, soksi ina damu. Miezi mitano jamani, siyo siku mbili.

Siku ya ndoa mchungaji alitangaza kwamba mpiga picha ni mmoja, yule tuliyemkodi, wageni wengine wote wabaki kwenye mabenchi. Nilimwomba mimi atangaze hivyo, kwa sababu nilijua njia ikiwa wazi baba atafika. Tukaingia. Amenishika mkono, hana gongo, namsikia anahesabu chini chini. Watu wa kwetu walishaanza kulia.

Kwenye kumi na tisa wifi akachomoka kwenye benchi. Angekaa basi hata pembeni. Yeye kaja katikati ya njia, anarudi kinyumenyume mbele yetu na simu yake, mgongo kampa mpiga picha. Tulipofika ishirini na sita akasimama. "Baba, simama hapo hapo. Tabasamu. Hapana, rudini nyuma kidogo, mwanga mbaya."

Baba ni mtu wa heshima, hawezi kumkatalia ndugu wa mkwe wake mbele za watu. Alisimama. Akajaribu kurudi nyuma. Kurudi nyuma hakuwahi kufanyia mazoezi. Mguu ukapinda, akadaka benchi, miwani ikadondoka. Hakuanguka, lakini hakuweza kuendelea tena, wakamkalisha. Hatua nane zilizobaki nilipelekwa na baba mdogo. Wifi simu bado iko juu, anarekodi.

Tumetoka nje ya kanisa naona watu wameinamia simu. Kumbe ameshaiweka status, baba yangu anayumba, kaandika "Mzee kazidiwa na furaha" na vile vikatuni vya kucheka. Hapo nilisahau kama mimi ni bibi harusi. Nilimfuata na shela langu hivyo hivyo, nikampora simu, nikafuta ile video kila mahali ilipokuwa, mpaka kule zinakokaa zilizofutwa. Nikamwambia ana kimbelembele, ni mshamba, na hajalelewa. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, na hilo la mwisho lilimwingia.

Yule wa kukodi alikuwa mbele anasubiri tukaribie ndipo apige, na picha zake zilipotoka, zote ni mgongo wa wifi na gauni lake la kijani. Hakuna hata moja ya baba akitembea.

Jumapili iliyopita nilienda kumsalimia. Ule mguu upo juu ya kabati, umefunikwa kanga, hajauvaa tangu siku ile. Tumekaa, ameitikia marahaba yake. Ndipo akaniuliza, "Mama, ile video ya wifi yako unayo?"

"Ya nini, baba?"

"Nataka nijione ninavyotembea. Sijawahi kujiona."

Nilimjibu nitamtafutia. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira, maana nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipiga moyo konde nikampigia wifi. Kumbe alishamrushia rafiki yake siku ile ile, ipo. Akasema, "Nitakupa. Ila uje nyumbani, mbele ya mama na ukoo mzima, upige magoti uniombe msamaha. Ulinidhalilisha." Eti yeye ndiye aliyedhalilishwa. Mume wangu anasema, "Si upige tu, ni dakika moja yaishe." Nikamuuliza dada yake ataenda lini Kilimatinde kumpigia baba yangu magoti. Akaongeza sauti ya TV.

Leo asubuhi mama kanipigia. Anasema baba ameushusha ule mguu, ameufuta vumbi, anaisubiri video. Mdogo wangu wa kike anaolewa baada ya mavuno ya alizeti, na baba anataka aiangalie vizuri aone alikosea wapi, aanze mazoezi upya. Yaani mzee wa watu miezi yote hii anaamini kosa lilikuwa la kwake.

Kikao cha ukweni ni kesho kutwa. Magoti yangu yote mawili ni mazima, kuyakunja siyo kazi. Lakini nikimfikiria yule mwanamke kakaa kwenye kochi ananitazama nikishuka chini, na pengine simu kaishika ananirekodi, damu inachemka. Ninyi mngekuwa mimi mngeenda? Nipeni ushauri mapema, baba ananisubiri.